Meza ya Mhazini: Uchambuzi wa Kisa cha Kanisa Dogo la Misheni Mukuru

Kisa hiki ni cha kanisa dogo la mabati lililoko Mukuru kwa Reuben, mtaa uliobanana na Industrial Area jijini Nairobi. Sitalitaja kanisa, dhehebu wala mtu yeyote kwa jina, maana wahusika bado wanaabudu pamoja na wengine wao bado wana machungu. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya misheni katika kanisa mama lililolianzisha, kwa hiyo vikao vingi ninavyovieleza nilivikalia mwenyewe. Nawaandikia wainjilisti, wazee wa kanisa na akina mama wanaotumika katika makanisa ya namna hii. Yapo Mukuru, Mathare, Kibera, Kawangware na Korogocho, na mambo yakigeuka huachiwa wenyewe wajue la kufanya.

Hoja yangu naitanguliza. Katika kanisa kubwa, utaratibu ukibadilishwa watu huzoea baada ya wiki chache. Katika kanisa dogo kila utaratibu una mwenyewe, na mara nyingi unabeba kazi ambayo haijaandikwa katika kumbukumbu zozote za kikao. Ukiuondoa bila kuuliza unabeba nini, kitaanguka kitu ambacho hukujua kipo. Tumekuwa na mazoea ya kuita upinzani wa wazee "ukaidi" na kuendelea mbele. Kisa hiki kinaonyesha gharama ya mazoea hayo.

Kanisa lenyewe

Washirika wengi ni vibarua wa viwandani. Alfajiri utawakuta wamesimama malangoni, wakisubiri msimamizi atoke aseme leo anataka watu wangapi. Wengine ni mama mboga, mafundi wa viatu, na akina mama wanaofulia watu nguo South B na South C. Nyumba ni za kupanga, na kanisa nalo ni mpangaji. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, na wakazi wamekaa vikao vingi kuhusu barabara, maji na majitaka, lakini swali la ardhi ni ya nani halijapata jibu la mwisho. Kanisa lililo juu ya ardhi ya aina hiyo haliwezi kujenga kwa mawe, na halina uhakika wa ploti yake mwaka kesho.

Kabla ya 2020 Jumapili ya kawaida ilikuwa na watu wazima kama sitini, na watoto karibu idadi hiyo hiyo. Vitu vitatu vililipiwa na kanisa rafiki la ng'ambo kupitia kanisa mama: kodi ya ploti, posho ya mwinjilisti, na chakula cha watoto baada ya shule ya Jumapili. Vingine vyote vilitoka mifukoni mwa washirika.

Watumishi walikuwa wachache na kila mmoja alijulikana kwa kazi yake. Mwinjilisti alikuwa kijana aliyetoka chuo cha Biblia, mwenye mke na mtoto mmoja. Mhazini alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kiwandani. Jikoni walikuwepo akina mama watatu, na mkubwa wao kila mtu alimwita Shosho, yaani nyanya. Katibu alikuwa msichana aliyemaliza sekondari, mwenye mwandiko mzuri na simu nzuri kuliko ya mtu mwingine yeyote kanisani.

Mabadiliko yalivyofuatana

Machi 22, 2020 serikali ilisimamisha ibada katika makanisa na misikiti. Siku chache baadaye ikaja kafyu. Julai mwaka huo Baraza la Madhehebu lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria lilitoa masharti ya kufungua: watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na wasiingie walio chini ya miaka 13 wala walio juu ya miaka 58.

Kwa kanisa kubwa, kizuizi kilikuwa ile idadi ya 100. Kwa kanisa letu idadi haikuwa tatizo hata kidogo. Kilichoumiza ni umri. Nusu ya kanisa ilikuwa watoto, na nguzo za maombi, jiko na hazina zilikuwa watu waliovuka miaka 58. Siku ya kwanza ya kufungua, mwinjilisti alihubiri mbele ya watu wasiofika ishirini, wengi wao vijana. Shosho alisimama nje ya dirisha, upande wa pili wa barabara, akaimba kutoka huko.

Kabla mwaka haujaisha ikaja barua ya kanisa rafiki. Kwao pia mapato yalikuwa yameporomoka. Msaada ungepungua hatua kwa hatua kwa miaka mitatu, kisha ukome. Barua ilikuwa ya upole na maelezo yake yalikuwa ya kweli, ila ilitumwa kwa kanisa mama, ikajadiliwa huko, na washirika wa Mukuru waliisikia jambo likiwa limekwisha kuamuliwa.

Meza

Badiliko lililokaribia kuligawa kanisa ni la sadaka, na hilo halikutokana na barua wala na serikali. Tulilileta wenyewe, kwa nia njema.

Zamani mambo yalikwenda hivi. Kikapu kilipita. Baada ya ombi, mhazini alikaa kwenye meza ndogo karibu na mlango pamoja na mashahidi wawili, mwanamume na mwanamke. Alitandaza kitambaa ili sarafu zisiviringike, akamwaga, akazipanga kumi kumi: za shilingi tano huku, za kumi huku, za ishirini huku. Noti za hamsini na za mia alizinyoosha kwa kiganja na kuzilaza chini ya Biblia zisipeperuke. Aliandika kwenye daftari la jalada gumu ambalo mistari yake aliipiga mwenyewe kwa rula, mashahidi wakatia sahihi. Kabla ya neema alisimama, akavua kofia, akasoma: "Sadaka ya leo, shilingi elfu mbili, mia tatu na arobaini. Bwana apewe sifa." Kanisa likaitikia, "Amina." Jumapili ya mwisho ya mwezi alisoma na matumizi: makaa, sabuni, umeme, nauli ya kumpeleka fulani hospitali.

Kanisa lilipofungwa, sadaka ilihamia M-Pesa. Wakati huo lilikuwa jambo la busara. Katikati ya Machi 2020 Safaricom ilikuwa imeondoa ada ya kutuma shilingi 1,000 kwenda chini ili watu wapunguze kushikana noti, na nafuu hiyo iliendelea hadi mwisho wa mwaka. Hata ada ziliporudi Januari 2021, kutuma shilingi 100 kwenda chini kulibaki bure. Kanisa changa kama hili halina cheti chake, linasimama juu ya usajili wa kanisa mama, kwa hiyo halikuwa na nambari ya kulipia yenye jina lake. Ikatumika laini ya katibu. Kila mtu alimwamini, na alistahili.

Kanisa lilipofunguliwa, laini ya katibu iliendelea peke yake. Kikapu hakikurudi, maana watu waliogopa kugusana. Ile meza ikasogezwa mlangoni kabisa, ikawekwa sanitaiza, kipima joto na orodha ya majina ya walioingia. Hakuna kikao kilichoamua kwamba hesabu isisomwe tena. Ilikoma yenyewe, maana hakukuwa na kitu mezani cha kuhesabu.

Masharti ya umri yalipolegezwa na mhazini akarudi, alikaa nyuma. Akaacha kuja kwenye kamati. Tuliokuwa kanisa mama tulipata taarifa fupi: mzee hataki mambo ya kisasa. Maelezo hayo yalikubalika upesi kwa sababu yalikuwa rahisi. Lakini mzee huyo huyo alikuwa akiwatumia watu wake wa nyumbani pesa kwa M-Pesa kila juma, na ndiye aliyewafundisha majirani kadhaa namna ya kuitumia. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu wote kwamba tatizo halikuwa simu.

Sadaka nayo ilishuka. Hilo pia lilikuwa na maelezo rahisi: viwanda vilikuwa vimepunguza watu na vibarua walikaa siku nyingi bila kazi. Ni kweli kabisa. Ila mwaka 2021 watu walipoanza kurudi, na kazi kidogo ikarudi, sadaka haikurudi pamoja nao. Kwenye kikao kimoja mwinjilisti aliuliza waziwazi kwa nini. Pakawa kimya kirefu, mpaka Shosho akasema:

"Wapendwa, mimi nitasema. Zamani nikitoa shilingi kumi nilisikia imehesabiwa. Siku hizi natuma, simu inaniambia imefika, halafu basi. Tena huyu mtoto wetu anaona ni mimi nimetuma kumi. Wiki nyingine sina ya kutuma, anaona pia sijatuma."

Katibu alikuwa ameketi palepale. Alilia. Baadaye aliniambia kwamba tangu mwanzo hakupenda kujua nani ametoa nini, na kwamba alikuwa ameanza kupita njia ya nyuma akienda dukani, maana kila aliponunua mkate alitazamwa na jirani kwa jicho la kuuliza pesa hizo ni za nani. Msichana wa watu hakuwa amechukua hata shilingi moja. Kanisa lilikuwa limembebesha mzigo ambao zamani ulibebwa na watu watatu, meza na daftari, mbele ya macho ya wote.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Usomaji wa hesabu haukuwa tabia ya mzee mmoja anayependa kusikika. Ulifanya kazi tatu kwa mpigo. Ulikuwa ukaguzi wa fedha katika kanisa lisilo na mkaguzi. Ulikuwa ulinzi wa jina la aliyeshika fedha, kwa kuwa hakuna anayeweza kumshuku mtu ambaye hesabu yake imesikika Jumapili iliyopita. Na ulikuwa heshima kwa sarafu ndogo: shilingi kumi ya mama mboga iliingia kwenye jumla moja na mia tano ya mwenye duka, jumla ikatajwa, kanisa zima likasema amina. Kikapu kilificha mkono wa mtoaji kama Mathayo 6 inavyotaka, na usomaji ulifichua kiasi chote kwa pamoja. Simu iligeuza mambo yakawa kinyume: ilifichua mtoaji mmoja mmoja na kuficha jumla. Yule mjane wa Luka 21 mwenye senti mbili angeweza kutoa kwenye kikapu. Sijui kama angetuma kwa simu ya binti wa jirani.

Mwinjilisti alimwendea mhazini nyumbani jioni. Alinisimulia mazungumzo yao kesho yake.

"Baba, tumekukosa kwenye kamati."

"Mwinjilisti, mimi sina ugomvi na mtu. Niliuliza hesabu inasomwa na nani siku hizi, nikaambiwa iko kwa simu. Nikasema sawa. Simu si itasimama isome?"

Kisha akamtolea lile daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Machi 2020. Chini yake alikuwa amepiga mistari ya Jumapili zote zilizofuata, tarehe kwa tarehe, na kuziacha tupu.

Suluhisho lilichukua miezi na halikumrudisha kila mtu alipokuwa. Kikapu kilirudi, na simu ikabaki kwa wanaoitaka, kwa kuwa wafanyakazi wa zamu ya Jumapili walikuwa wamezoea kutuma wakiwa kazini. Kanisa mama lilikubali, baada ya kusukumwa, kutenga nambari ya kulipia iliyo katika jina la kanisa. Jumla ya juma hutolewa bila majina, ikaletwa mezani kwenye karatasi, mhazini akaijumlisha na sarafu na kusoma vyote pamoja. Katibu alifanywa msaidizi wa mhazini, akakaa naye mezani. Mzee anamfundisha kupiga mistari. Yeye anamfundisha mzee kuweka hesabu kwenye kompyuta ya kanisa mama kila mwisho wa mwezi. Sadaka ilianza kupanda polepole. Familia mbili zilizokuwa zimeondoka kwa ajili ya yale manong'ono hazikurudi.

Niseme wazi ninavyolipima jambo hili. Kuhamia M-Pesa kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuhamisha fedha na kuuacha nyuma ule ushuhuda wa hadharani uliokuwa ukiambatana nazo. Kama tangu wiki ya kwanza, hata kanisa likiwa limefungwa, mhazini angepewa jumla na kuisoma kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la washirika, au kuipitisha nyumba kwa nyumba kupitia viongozi wa ushirika, sidhani tungefika tulipofika.

Sufuria

Chakula cha watoto nitakieleza kwa ufupi, maana hapo akina mama waliona mbali kuliko kamati.

Msaada ulipoanza kupungua, kamati ilitaka kufunga jiko kabisa kuliko kutoa kitu pungufu. Wali na maharagwe ndiyo ilikuwa desturi, na wajumbe waliona aibu kushuka. Akina mama walikataa. Walisema sufuria ni zao, makaa watayapata, na uji hauna aibu. Kila mshirika anayeweza akaombwa kikombe kimoja cha unga kwa mwezi. Wali ukawa uji, na kwa miezi kadhaa watoto walipungua, wengine wakahamia kanisa la jirani lililokuwa bado linapika. Mwinjilisti aliumia sana kwa hilo. Mimi sikuona ajabu: mtoto mwenye njaa akienda penye chakula hajatenda dhambi, wala mzazi aliyemruhusu hajaasi.

Tangu 2023 kaunti ina mpango wa Dishi na County, ambapo mtoto hulipa shilingi 5 kwa chakula cha mchana shuleni. Unasaidia wengi, lakini ni wa shule za umma, na watoto wengi wa Mukuru wanasoma katika shule za watu binafsi za mtaani. Jumapili nayo hakuna shule. Ule uji bado una maana yake.

Badiliko moja jema lilitokea bila mtu kulipanga. Wakati wa msaada, kila Jumapili watoto walipigwa picha wakiwa na sahani, na picha zikatumwa ng'ambo kuwa ushahidi wa matumizi. Uji ulipokuwa wa unga wa washirika wenyewe, picha zilikoma, na mara watoto wa wenye maduka, ambao zamani walikatazwa na wazazi wao kupanga foleni, wakaanza kunywa uji pamoja na wenzao. Mama mmoja alisema hakutaka mtoto wake aonekane anaombewa chakula. Miaka yote ile ya msaada tulikuwa tumeligawa kundi la watoto mara mbili bila kujua.

Mlango wa mchana

Posho ilipofika nusu, mwinjilisti alitafuta kazi. Alipata ukarani wa bohari moja upande wa Enterprise Road, Jumatatu hadi Jumamosi mchana. Alijiona ameshindwa wito. Wazee walimkumbusha Matendo 18, jinsi Paulo alivyoshona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, lakini faraja hiyo haikumwingia, na ninamwelewa. Paulo hakuwa na mwana wa kumpeleka kliniki.

Kanisa lilijipanga upya haraka kuliko tulivyotarajia. Kutembelea wagonjwa kulichukuliwa na vikundi vya ushirika wa nyumba. Maombi ya Jumatano yalisogezwa hadi jioni. Mazishi yalishikwa na wazee wawili. Kwenye karatasi kazi zote za mwinjilisti zilikuwa zimegawanywa, hata taarifa aliyoileta kwa kamati ya misheni ilipigiwa makofi.

Baada ya muda tukaanza kusikia lalamiko la ajabu: kanisa limekuwa baridi. Hakuna aliyeweza kueleza zaidi. Aliyelitegua ni fundi viatu mmoja, mshirika wa kawaida asiye na cheo. Alisema zamani, mtu akikosa kibarua langoni saa mbili asubuhi, hakutaka kurudi nyumbani mapema mke na watoto wamwone. Alipita kanisani. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu mwinjilisti alikuwa ndani akisoma. Angekaa kwenye benchi, anywe maji, wasalimiane, labda waombe, labda asikie kwamba kuna mtu anatafuta mtu wa kupakua mzigo. Saa sita angeondoka. Sasa mlango ulikuwa na kufuli mpaka jioni.

Katika orodha ya kazi za mwinjilisti hapakuwa na kazi inayoitwa kuacha mlango wazi. Hakuhubiri, hakutembelea, alikuwepo tu. Kumbe kwa wanaume wa kanisa lile, ambao ni wagumu kuja kwenye vikundi, huo ndio ulikuwa utumishi wake mkubwa. Fundi viatu alijitolea kuhamisha kiti chake na kisanduku cha vifaa mpaka barazani pa kanisa, akakabidhiwa ufunguo. Anashona viatu pale, mlango uko wazi, benchi lipo. Kamati ilitaka kumtoza kodi ndogo ya baraza. Namshukuru Mungu wazo hilo lilikufa kwenye kikao hicho hicho.

Upande wa mwinjilisti mwenyewe, nafuu ilitoka mahali pasipotarajiwa. Ile ibada ya saa moja iliyolazimishwa na masharti ya 2020 ilikuwa imewafundisha kwamba inawezekana kuabudu, kuhubiri na kushiriki kwa saa moja bila kumdharau Mungu. Masharti yalipoondolewa, walibakiza ibada fupi inayoanza saa moja asubuhi kwa ajili ya wenye zamu za Jumapili, kisha ile ndefu inayoanza saa nne. Wenzake wa boharini, ambao hawakuwahi kukanyaga pale, sasa hupitia ibada ya kwanza wakienda kazini. Ameacha kuzungumza kuhusu kushindwa.

Kujitegemea kwa amri ya nani?

Mjadala wa msaada wa nje una historia ndefu, na Nairobi imo ndani yake. Katikati ya karne ya 19, Henry Venn wa Uingereza na Rufus Anderson wa Marekani walifundisha kwamba lengo la misheni ni kanisa linalojitawala, linalojitegemea na linalojieneza. Mwaka 1971 John Gatu, aliyekuwa katibu mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisimama Milwaukee, Marekani, akapendekeza wamisionari na fedha zao visitishwe kwa muda usiopungua miaka mitano ili makanisa ya Afrika yapate nafasi ya kujijua. Mwaka 1974 mkutano mkuu wa Makanisa ya Afrika Yote uliofanyika Lusaka uliubeba wito huo.

Katika vikao vyetu watu walimtaja Gatu mara kwa mara ili kuhalalisha ile barua. Naona si haki. Gatu alisema kwa kinywa cha mpokeaji. Aliyekuwa akipewa ndiye aliyesema basi, kwa muda, tunataka kusimama. Kwa kisa cha Mukuru, aliyekuwa akitoa ndiye aliyesema basi, na mpokeaji akajulishwa. Matokeo kwenye daftari yanaweza kufanana, lakini moyoni hayafanani: wa kwanza ameamua, wa pili ameachwa. Ndiyo maana mwaka wa kwanza baada ya barua kanisa halikusikika kama kanisa linalokua. Lilisikika kama nyumba iliyofiwa.

Kanisa rafiki lilikuwa na haki ya kusitisha, wala kupokea msaada si dhambi. Paulo anawashukuru Wafilipi kwa kumtumia mahitaji zaidi ya mara moja. Lawama yangu iko kwetu sisi wa katikati, kanisa mama. Barua ingesomwa Mukuru kwa Kiswahili wiki ileile ilipofika, na wao waulizwe kipi kati ya vile vitatu kikatike kwanza. Naamini wangetaja chakula mwanzo, posho baadaye, na kodi mwisho kabisa, kwa kuwa sufuria walikuwa nayo na ploti hawakuwa nayo. Tulikata vyote vitatu kwa asilimia sawa kila mwaka, kwa kudhani usawa ni haki, na kodi ndiyo iliyowatesa mpaka mwisho. Hata sasa inakula sehemu kubwa ya ile jumla inayosomwa mezani.

Walipo sasa

Hivi karibuni mgeni mmoja aliyewatembelea alijitolea kuwajengea jengo la mawe. Kamati ilikaa, ikamshukuru, ikamwandikia barua kwa Kiswahili, yenye sahihi za mhazini, katibu na Shosho. Ndani yake kuna mambo matatu. Kwanza, suala la ardhi halijaisha, kwa hiyo hawataki mawe. Wanaomba mabati mapya ya paa na sakafu iliyoinuliwa, maana mvua kubwa zikija maji huingia mpaka madhabahuni. Pili, fedha zipite kwenye hesabu za kanisa na zisomwe mezani kama sadaka nyingine. Tatu, watoto wasipigwe picha.

Amekubali mawili ya kwanza. La picha ameandika kwamba watu wake watahitaji kitu cha kuonyesha, na ameomba lizungumzwe. Kamati imepanga kumwalika kwenye ibada ya asubuhi na kikao baada yake, na imekubaliana kwamba sharti hilo halitaondolewa. Fundi wa paa ameshapima, hajaambiwa aanze.